Ninaishi kwa dada, na mwenzangu anataka kunilipia kodi ya chumba

BARUA

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya binafsi jijini Dar es Salaam. Nina umri wa miaka 27, sijaolewa na sina mtoto. Nilipomaliza chuo miaka mitatu iliyopita nilikuja kukaa kwa dada yangu mkubwa huku Kimara, kwa makubaliano kwamba nikishapata kazi nitatafuta pa kwangu. Kazi niliipata mapema kuliko tulivyotarajia, lakini pa kwangu sijapata hadi leo.

Sipendi nionekane ninamsema vibaya dada yangu, kwa sababu baba yetu alipofariki ni yeye aliyenilipia ada ya kidato cha tano na cha sita, na jambo hilo silisahau. Hata hivyo, muda mfupi baada ya mimi kufika, msichana wa kazi aliaga kwenda kwao kusalimia na hakurudi, na tangu siku hiyo hakutafutwa mwingine. Ninaamka saa kumi na nusu alfajiri, ninachemsha chai, ninawaogesha na kuwavalisha watoto wa dada ambao wananiita mamdogo, na basi la shule likishawachukua ndipo ninapokimbilia daladala ya kwenda Tabata ninakofundisha. Jioni ninapika na kufua sare. Shemeji si mtu mbaya, lakini mwezi uliopita alikuja na wageni, na wakati wa chakula mmoja wao aliuliza mimi ni nani. Shemeji alijibu kwa utani, “Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini huyu wetu jembe tumesahau kumpa.” Watu walicheka, na mimi nilicheka pamoja nao, hotpoti ya wali ikiwa mkononi mwangu kwa sababu ndiye niliyekuwa nikiwahudumia.

Mshahara wangu ni shilingi 600,000, lakini zinazoingia benki ni 426,000, na sijawahi kuuliza nyingine zinakwenda wapi. Mama yuko Korogwe, na kila anapopiga simu hunikuta sina namna ya kukataa. Mwezi mmoja nilimtumia 40,000, uliofuata nilimtumia 150,000 za mabati. Halafu kulikuwa na harusi ya mwalimu mwenzangu. Kwenye kundi la WhatsApp kila mtu aliandika ahadi yake, na mimi nikaandika 100,000 ili nisiwe wa mwisho kwenye orodha. Siku ya kumalizia ahadi ilipofika nilikopa kwa njia ya simu, kisha nikakopa pengine kulipia mkopo wa kwanza, na sasa ninalipa 60,000 kila mwezi, nikiwa nimebakiza awamu tatu. Nilipochelewa walinitishia kuwatumia ujumbe watu wote walio kwenye simu yangu, akiwamo mkuu wangu wa shule.

Nina mwenzangu tuliyefahamiana kwa miaka miwili sasa. Anauza spea za magari na shughuli zake zinakwenda vizuri. Nyumbani hajaja kujitambulisha, anasema labda mwakani. Amepata chumba chenye choo ndani huko Sinza, kodi yake ni 150,000 kwa mwezi, na yuko tayari kulipa miezi sita kwa mkupuo ili nihamie Januari. Anasema nikishakaa pale nitakuwa huru. Marafiki zangu wananiambia nina bahati. Mama, nilipomdokezea tu habari ya kupanga bila kumtaja huyo mwenzangu, alisema msichana huondoka kwao kwenda kwa mume na si kwenda kwenye chumba cha kupanga. Dada bado sijamwambia, kwa kuwa ninajua ataniona sina shukrani.

Naomba uniambie: kujitegemea ni nini hasa kwa msichana ambaye hajaolewa, na ninakufikiaje? Je, nikubali kile chumba? Kuna siku ninachoka kiasi cha kutaka kubadili laini ya simu na kuanza maisha mahali ambapo hakuna anayenijua.

Mwalimu, Kimara

JIBU

Marahaba, binti yangu. Nitaanza na chumba cha Sinza, kwa kuwa ndicho chenye haraka. Usikikubali.

Sisemi hivyo kwa kumdhania mabaya huyo mwenzako, ambaye simfahamu, na inawezekana kabisa kwamba anakutakia mema. Ninatazama hesabu tu. Kodi ya 150,000 ni zaidi ya theluthi moja ya fedha zinazoingia mkononi mwako, maana yake ni kwamba chumba hicho huwezi kukilipia wewe mwenyewe bila kukopa au kushinda njaa. Utakaa pale miezi sita ukizoea maji ya bomba ndani na mlango wako mwenyewe, na ifikapo mwezi wa tano mwenye nyumba atakapoanza kuulizia kodi ijayo, utajikuta unapima kila neno unalomwambia huyo kijana. Jiulize kwa dhati: mkataba utaandikwa kwa jina la nani? Ufunguo wa pili atakaa nao nani? Akigonga saa tano usiku nawe una madaftari ya kusahihisha, utaweza kumwambia arudi kesho? Na ukigundua kwamba hamfai kuoana, utaweza kumwambia hivyo ukiwa umekaa kwenye kodi aliyoilipa yeye? Mwanamke aliyetoka kwa shemeji akaingia kwenye chumba cha namna hiyo amebadilisha mtu wa kumwogopa, na huko kwa dada walau alikuwa na damu yake ndani ya nyumba.

Kuna na upande wa sheria, ambao wasichana wengi hawaujui. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu mtu kwenda mahakamani kudai zawadi aliyoitoa kwa kutarajia ndoa, ikiwa ndoa hiyo haikufungwa na mahakama ikaridhika kwamba aliitoa kwa sharti la kuoana. Sidhani kama mwenzako ana mawazo ya mahakama, lakini nimelitaja ili uone kwamba hata sheria yetu inatambua kuwa zawadi ya mchumba inaweza kuwa na kamba. Mtu ambaye bado hajapata nafasi ya kufika Korogwe kumsalimia mama yako, ilhali amepata nafasi ya kutafuta chumba Sinza, ameanzia mwisho wa safari. Mwambie kwa upole kwamba umeshukuru, kwamba kodi yako utailipa mwenyewe, na kwamba kama ana fedha ya kutumia kwa ajili yako, nauli ya kwenda kujitambulisha nyumbani ni ndogo kuliko kodi ya mwezi mmoja. Atakachojibu kitakufundisha mengi kumhusu.

Wazee wetu wa TANU walipoandika Azimio la Arusha mwaka 1967 waliweka humo sehemu nzima ya kueleza kwamba zawadi na mikopo vitahatarisha uhuru wetu. Walikuwa wakizungumzia taifa, na unaweza kubishana nao kuhusu mambo mengi yaliyofuata, lakini hoja hiyo mimi naiona inaingia hadi sebuleni. Hawakusema kwamba msaada ni dhambi. Walichouliza ni hiki: anayekulipia akikuambia geuka kushoto, utakuwa na nguvu gani ya kusema hapana?

Sasa nikujibu swali lako kuu. Kwa maoni yangu, mtu anajitegemea pale ambapo uamuzi wa maisha yake na gharama ya uamuzi huo vinakaa katika mkono mmoja, yaani mkono wake. Kukaa peke yake si sharti, kama ambavyo kutohitaji watu si sharti, na kuolewa au kutoolewa hakuongezi wala hakupunguzi kitu katika jambo hili. Yuko mke anayekaa na mumewe na anajitegemea, kwa sababu anajua kinachoingia na kinachotoka na neno lake lina uzito katika nyumba. Na yuko kijana aliyepanga nyumba nzima peke yake huku maisha yake yakiamuliwa na anayemtumia hela kila mwisho wa mwezi. Tazama barua yako kwa kipimo hicho. Kiasi cha kumtumia mama anakiamua mama, kwa namna simu itakavyopigwa, na gharama unaibeba wewe. Mchango wa harusi uliamuliwa na orodha ya WhatsApp. Saa yako ya kuamka inaamuliwa na basi la shule la watoto ambao hukuwazaa. Kila mahali uamuzi na gharama vimeachana, na ndiyo maana unajisikia huna uhuru ingawa una kazi, mshahara na afya. Kuhama nyumba peke yake hakutaviunganisha, kwa sababu simu ya mama na kundi la WhatsApp utahama navyo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza utaifanyia hapo hapo Kimara, kabla ya kufunga hata begi moja.

Umesema hujawahi kuuliza fedha nyingine zinakwenda wapi, na sentensi hiyo imenisikitisha kuliko utani wa shemeji. Omba hati yako ya mshahara. Bila kuiona ninaweza kukisia: NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, yaani 60,000, kodi ya mapato, baada ya kutoa hiyo ya NSSF, inafika 24,000, na kama ulisoma kwa mkopo wa serikali, ambalo hukulitaja, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara, yaani 90,000. Jumla ni 174,000, na ukiitoa katika 600,000 unabaki na 426,000 zako kamili. Lakini kukatwa si kufikishwa. Omba NSSF taarifa ya michango yako uone kama mwajiri anapeleka hizo zako pamoja na sehemu yake yeye, na omba Bodi ya Mikopo taarifa ya deni lako uone kama linashuka. Kuna walimu waliogundua siku ya kuacha kazi kwamba walikatwa kwa miaka na hakuna kilichopelekwa. Haki hiyo ni yako, na kuiulizia si utovu wa adabu kwa mkuu wako wa shule.

Mikopo ya simu imalizie awamu zako tatu na usiguse mwingine. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza hadharani programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha watu mtandaoni bila kibali, kwa hiyo hakikisha kama hao wanaokudai wana leseni au hawana. Deni ni deni, lilipe, lakini vitisho vya kuwaandikia watu walio kwenye simu yako usivikubali kama jambo la kawaida, kwa sababu tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ipo Tume inayopokea malalamiko ya aina hiyo. Tunza ujumbe wote waliokutumia.

Kuhusu michango ya harusi nitakuwa mkali kidogo, maana ninaamini mji huu umewatia umaskini watu wengi kwa kadi nzuri na kamati zenye wenyeviti wawili. Uliandika 100,000 kwa kuogopa kuwa wa mwisho kwenye orodha. Hiyo ni karibu robo ya fedha yako ya mwezi, umeitoa kwa ajili ya sherehe ya saa sita, tena ya kukopa. Tenga kiasi kimoja kwa mwaka mzima kwa ajili ya michango yote, labda huo huo 100,000, na ukiisha umeisha. Anayekuja baada ya hapo utamsaidia kwa mikono, kwa kuhudumia ukumbini au kwa kupika siku ya kesha. Wapo watakaonuna, lakini watakaokumbuka ulitoa kiasi gani baada ya mwaka ni wachache kuliko unavyodhani, na aghalabu ni mweka hazina peke yake.

Nije kwa dada yako, ambako ndiko kwenye uzito. Binti yangu, katika nyumba ile wewe si mgeni na jembe unalo tangu siku msichana wa kazi alipoondoka. Kuamka alfajiri, kulisha, kuogesha, kupika na kufua ni kazi ambayo watu huajiriwa kuifanya, na kama ungeondoka kesho dada yako angelazimika kutafuta msaidizi, kumlipa, kumlisha na kumwamini na watoto wake. Ninasema hivi si ili ukamdai. Ninasema ili uache kuingia kwenye mazungumzo hayo ukiwa umeinamisha kichwa kama mdeni. Yeye alikulipia ada, nawe umemlelea watoto kwa miaka mitatu. Ndugu hawafungi hesabu, lakini kama zingefungwa usingeonekana mwizi. Ninadhani hata yeye anajua, na huenda sababu mojawapo ya kutokuuliza utahama lini ni kwamba kuhama kwako kutamgharimu. Tegemeo katika nyumba ile linakwenda pande mbili, ila upande mmoja tu ndio unaotaniwa mezani.

Mwambie yeye kwanza, kabla ya mama na kabla ya mtu yeyote wa shule. Chagua siku ambayo shemeji hayupo na watoto wamelala, umpe muda wa kutosha, na usianze na malalamiko. Unaweza kusema: “Dada, nimekaa kwako ukanisitiri, na sasa ninaona ni wakati wa kupata pa kwangu. Ninakwambia mapema ili tutafute pamoja msaidizi wa kunipokea kazi za hapa.” Halafu unyamaze, umwache aseme. Akilia mwache alie. Akikutajia ada ya shule, ikubali na umshukuru tena bila kujitetea. Kuanzia mwezi huu nunua wewe LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na gesi ya nyumba hiyo, kwa kiasi cha 50,000 hivi, hata kama hakuna aliyekuomba. Utaona jinsi sauti yako itakavyobadilika ndani ya nyumba ambayo taa zake unaziwasha wewe.

Na lipo jambo moja ambalo vijana hulidharau. Siku ya kuhama, mwombe shemeji akusindikize. Ndiyo, huyo huyo mwenye utani wa jembe. Mwenye nyumba na majirani wakimwona mwanamume mtu mzima, mume wa dada yako, anashusha godoro lako na kusalimiana nao, watajua kwamba binti huyu ana kwao. Hilo litakulinda dhidi ya mengi, na yeye mwenyewe litamtoa kwenye nafasi ya mtu aliyekufuga na kumweka kwenye nafasi ya mlezi aliyekupeleka.

Mama yako anaogopa maneno ya watu, na hofu hiyo usiicheke, kwa maana Korogwe ndiko anakoishi na maneno hayo yatamfikia yeye kabla hayajakufikia wewe. Habari ya kupanga asiipate kwa simu. Nenda likizo ya Desemba, kaa naye, mweleze utakaa mtaa gani, na nani, umbali gani kutoka shuleni, na umwombe baraka zake. Ukiweza kupanga na mwalimu mwenzako wa kike, au kupata chumba kwenye nyumba ambayo mwenye nyumba anaishi humo na familia yake, atapumua. Katika safari hiyo hiyo maliza na suala la fedha. Mwambie kwamba kila tarehe ya mshahara utamtumia 60,000 bila yeye kupiga simu, na kwamba jambo kubwa kama mabati mtalipanga pamoja miezi kadhaa kabla. Mzazi anayejua fedha itaingia lini hana sababu ya kupiga simu kila wiki, na mara nyingi kinachomsukuma kupiga si ulafi bali ni kutokujua. Kutakuwa na mwezi atakapoomba zaidi. Utamwambia, “Mama, mwezi huu sina, nitakuongezea mwezi ujao,” na itakuuma, na atalalamika kwa mjomba, na mtaendelea kupendana.

Baada ya hapo ndipo tunakuja kwenye chumba. Achana na Sinza. Tafuta chumba Tabata, mahali unapoweza kutembea kwa miguu hadi shuleni, kisichozidi 70,000. Kitakuwa kidogo, na huenda choo mtachangia, lakini utakuwa umefuta nauli na umerudisha saa mbili za usingizi. Miezi sita ni 420,000, na dalali atataka kodi ya mwezi mmoja, kwa hiyo ujiandae na 490,000. Usilipe kitu kabla hujakiona chumba mchana na usiku, hujauliza umeme wa LUKU mnachangia vipi na maji yanatoka siku zipi, na hujaandikiana mkataba kwa jina lako, wenye nakala mbili na mashahidi. Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe.

Fedha hiyo utaipata wapi bila kukopa? Walimu wa shule yenu, kama walimu wa kila mahali, bila shaka wana mchezo wa kupeana fedha. Watu kumi wakitoa 50,000 kila mwezi, zamu yako ni 500,000, ambayo inatosha kodi na dalali na kubakiza nauli ya kirikuu cha kuhamishia vitu. Ukitoa mchezo, 60,000 za mama, 60,000 za deni, 50,000 za LUKU na gesi, na nauli yako ya sasa, bado utaweza kuweka kama 100,000 kila mwezi kwa ajili ya godoro, mtungi mdogo wa gesi, sufuria na ndoo. Vinunue kimoja kimoja na uvihifadhi kwa dada. Vitamzoesha kuhama kwako kuliko maneno.

Ukishahamia, fedha yako itagawanyika hivi: kodi utaitenga 70,000 kila mwezi kana kwamba unailipa, mchezo 50,000 mpaka uishe, chakula 120,000, umeme na maji 20,000, mama 60,000, na 30,000 za dharura ambazo hazitoki isipokuwa kwa ugonjwa au msiba. Zinabaki 76,000 za nguo, simu, sadaka na soda ya Jumamosi. Ni maisha ya kubana, sikufichi, na miezi miwili ya kwanza utawakumbuka watoto wa dada mpaka utake kurudi. Rudi Jumapili, ule wali, uwafundishe hesabu, ulale kitandani kwako saa tatu usiku. Ukiugua malaria, mpigie dada simu usiku huo huo. Anayejitegemea haumwi peke yake kwa kiburi, na hilo la kubadili laini na kwenda pasipo na anayekujua lifute kichwani. Watu unaotaka kuwakimbia ndio watakaokuja hospitali na uji.

Mwisho ni hiyo Januari. Usihame Januari. Ukianza kodi ya miezi sita mwezi huo, itakwisha Juni, na ile ya pili itakwisha Desemba, kwa hiyo kila mwaka utadaiwa kodi katika mwezi ambao kila ndugu anakuomba ada na sare, na ambao kwa mfanyakazi ndio mrefu kuliko yote. Omba zamu ya Februari kwenye mchezo. Utaipata kwa urahisi, kwa kuwa wenzako wote watakuwa wanaigombea ya Desemba na ya Januari. Hamia tarehe mosi Machi. Kodi itakwisha mwishoni mwa Agosti, zile 70,000 ulizotenga zitakuwa zimefika 420,000 kamili, na mwenye nyumba akigonga mlango utamhesabia hapo hapo.